Ujumbe wa "Imefika": Taasisi za Kheri, Simu na Haki ya Mchangiaji

  

Katika Mfungo Pili wa mwaka uliopita tulipokea suali la mama mmoja wa Unguja. Yeye na wenziwe wa kikoa chao walituma michango kwa simu kusaidia uchimbaji wa kisima cha madrasa moja iliyoko Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema. Kabla ya Ramadhani, kwa muda wa wiki tatu, simu yake ilikuwa haitulii. Ujumbe asubuhi, ujumbe baada ya Isha, picha za watoto wenye ndoo vichwani, "changia sasa, zimebaki siku tano". Walipokwisha kutuma, kimya. Ramadhani ikaingia ikatoka, Idi ikapita, kimya. Maana ya barua yake ilikuwa hii: fedha zetu zimenyamaza, na mimi humo nilitia zaka yangu ya mwaka, je, zaka imeshanitoka shingoni au bado ninayo?

Suali hilo lina fatwa ndani yake, na lina jambo jingine kubwa kuliko fatwa. Kwa kuwa tulikuwa na safari ya Mwanza kwa ajili ya mafunzo ya walimu wa madrasa, tulimwomba subira, tukasema tutavuka tukaone wenyewe.

Kutoka Mwanza mjini unapanda feri ya Kamanga, na kwa sisi watu wa visiwani safari ile ni fupi, hujamaliza nyiradi zako umeshafika. Upande wa pili utakuta dagaa wameanikwa, bodaboda wanagombania abiria, na ukipanda kidogo utakuta madrasa yenyewe: kuta za matofali, paa la bati, mikeka, na mbao mbili za kuandikia. Ustadhi alipotutambua na kujua kilichotuleta alibadilika uso. Hakusema neno. Aliingia ndani akatoka na kaunta buku na kopo la biskuti. Ndani ya kopo mlikuwa na risiti zote, ya usafiri wa mashine, ya fundi, ya mabomba, hata ya chakula cha vijana waliosaidia kusogeza mawe. Katika kaunta buku kila mchango umeandikwa kwa tarehe na saa ulivyoingia. Tulikaa naye tangu baada ya Dhuhuri mpaka karibu na Magharibi tukijumlisha, na hesabu ilikaa sawa. Palizidi shilingi mia sita, ambazo yeye mwenyewe alitia kufidia ya kutolea.

Kilichotokea ni kwamba mashine ilikuta mwamba. Anayeijua Mwanza anaijua kwa mawe yake, na chini ya ardhi ni vivyo hivyo. Wakahamisha mashine, shimo la pili nalo halikutoa maji ya kutosha. Fundi akalipwa kwa mujibu wa makubaliano, kwani malipo yake ni ya kazi ya kuchimba, maji yapatikane yasipatikane. Sehemu ya fedha ikabaki.

Tulimuuliza kwa nini hakuwaambia watu. Akasema aliona haya. Aliwaza kwamba akisema hakuna maji, watasema amekula. Basi akawa anangoja apate khabari njema ndiyo awaandikie. Na wakati yeye anangoja, huku Unguja na Pemba hukumu ilikuwa imeshatoka. Watu walikuwa wamekwisha kusema amekula.

Tunakisimulia kisa hiki kwa idhini yake, pasi na kutaja jina lake wala la madrasa, kwa sababu tumeona taasisi nyingi za kheri zimekwama pahala pale pale. Na tusijitoe sisi. Miaka ya nyuma tulisimamia mchango wa kuezeka skuli moja ya Qur'ani kisiwani kwetu, bati zikapandishwa, tukaona kazi imekwisha. Baada ya mwaka mzima mzee mmoja alitusimamisha nje ya msikiti akauliza, "Shekhe, ile nyumba mlipata kuiezeka?" Alikuwa ametoa shilingi elfu tano, na alikuwa akiiombea dua nyumba ile kila siku bila kujua kwamba watoto wameshasoma ndani yake masika mawili. Tuliingiwa na aibu ambayo hadi leo hatujaisahau.

Tuitazame asili ya jambo lenyewe katika dini. Imepokewa katika Swahihi Muslim kwa Jarir bin Abdillah (Radhiya Allaahu 'anhu) kwamba walifika Madina watu wa Mudhar, miguu mitupu, wamejifunika nguo za manyoya zilizochanika. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoiona shida yao uso wake ulibadilika. Akaamrisha Bilal aadhini, akaswalisha, kisha akakhutubu, akawahimiza watu watoe: mwenye dinari, mwenye dirhamu, mwenye nguo, mwenye pishi ya ngano au ya tende, mpaka akataja hata nusu ya kokwa ya tende. Akaja mtu mmoja katika Answari na mfuko uliokaribia kumshinda mkononi. Watu wakamfuata mmoja baada ya mmoja, mpaka Jarir akaona marundo mawili, la chakula na la nguo, na uso wa Mtume ukang'ara kwa furaha.

Wanaosimamia michango husimulia hadithi hii kwa ajili ya yule Answari aliyetangulia, na ni sawa. Lakini tuangalie pia marundo yale mawili. Kila aliyetoa aliona pale pale kilichokusanyika, na aliwaona waliokusudiwa wamekaa mbele yake. Mwombaji, mtoaji, mpokeaji na mali, wote walikuwa katika msikiti mmoja. Leo mtoaji yuko Chake Chake au yuko Maskati, rundo liko Kamanga, na baina yao hakuna kitu isipokuwa kioo cha simu. Anayekusanya ndiye pekee anayeona pande zote mbili. Asiposema anachokiona, amemnyima mtoaji kitu ambacho Swahaba alikipata bila kuomba.

Njia za kutumia fedha zimekuwa nyepesi kwa kasi sana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, kisha zikafuata nyingine, na leo bibi wa Makunduchi anaweza kumtumia fedha mtu wa Sengerema kabla chai haijapoa. Wenzetu wa Kenya walionyesha uwezo wa jambo hili mwaka 2011, ukame ulipowapiga watu wa Turkana na maeneo ya jirani. Makampuni, vyombo vya khabari na Msalaba Mwekundu wa Kenya walianzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya, lengo likiwa shilingi za Kenya milioni 500 kwa wiki nne. Lengo likapitwa, na wengi waliochangia walikuwa watu wa kawaida, kila mmoja kwa simu yake. Ukitafuta sababu utaona kwamba haja ilielezwa waziwazi, njia ya kutoa ilikuwa inajulikana, na kiasi kilichofikiwa kilikuwa kikitangazwa kadiri mchango ulivyoendelea. Marundo mawili, lakini kwa njia ya redio na televisheni.

Na huku kwetu upande wa ziwa tuna mfano wa namna nyingine. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016, nyumba nyingi zilibomoka na watu wakachangia kutoka kila pembe. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Serikali ikaeleza kwamba fedha zitaelekezwa katika taasisi za umma kama skuli na vituo vya afya, na wenye nyumba wazijenge wenyewe. Mjadala ukawa mkubwa. Hatuingii katika kuuhukumu uamuzi ule, kwani mtawala ana mazingatio yake. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba wengi waliochangia walikuwa na nyumba za watu akilini, na hakuna aliyewaambia mapema, siku wanatoa, fedha hizi zitafanya nini na hazitafanya nini.

Kuna na balaa jingine ambalo kila mwenye simu Tanzania analijua, nalo ni ujumbe wa matapeli: "ile pesa tuma kwenye namba hii." Tumecheka sana na ujumbe ule, na wako waliolia. Sasa chukua ombi la mchango kama linavyoandikwa na baadhi ya taasisi zetu: namba ya mtu binafsi, jina lisilojulikana, haraka ("leo ndiyo mwisho!"), picha ya kutia huruma, na baada ya hapo kimya. Umbile lake ni lile lile la utapeli. Mchangiaji akiingiwa na shaka tusimwambie ana dhana mbaya. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa amesimama usiku na mkewe Bibi Safiyya, wakapita watu wawili wa Answari, akawaita akawaeleza kwamba yule ni Safiyya, ili Shetani asitie kitu nyoyoni mwao. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim. Ikiwa yeye, ambaye hakuna aliyeweza kumdhania ubaya akabaki na imani yake, aliondoa shaka kabla haijaulizwa, basi mweka hazina wa kamati ya kisima ni nani hata aone kuelezea ni udhalili?

Katika kuondoa shaka hiyo, la kwanza ni jina. Unapotuma fedha, simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha kwa namba ya siri. Likitokea jina la taasisi, moyo hutulia. Likitokea jina la mtu, mchangiaji huanza kupiga simu kwa shoga yake: "huyu ndiye nani?" Taasisi iliyosajiliwa inaweza kupata lipa namba kwa jina lake, au akaunti ya benki yenye kutiwa saini na watu zaidi ya mmoja, na hiyo ndiyo njia tunayoipendelea. Kikundi kidogo ambacho bado hakijafika huko, basi litajwe jina litakalotokea, ni la nani, na ana nafasi gani. Ile madrasa ya Kamanga ilitumia laini ya mke wa ustadhi, kwa sababu ya ustadhi ilikuwa na matatizo ya usajili. Sababu ni ya kweli kabisa, lakini hakuna aliyeambiwa.

La pili ni kueleza haja kwa mtu asiyeijua ardhi ile. Katika kundi la WhatsApp la mchango ule, mtu mmoja wa Pemba aliuliza: Kamanga si iko ziwani, na maji ya ziwa si tohara, kisima cha nini? Suali halikujibiwa, na mmoja wa wasimamizi aliliona ni la kukatisha tamaa akamtoa muulizaji katika kundi. Suali lilikuwa zuri! Sisi wenyewe tulilibeba moyoni mpaka tulipofika. Maji ya ziwa ni tohara na udhu wake unasihi, hilo halina shaka. Lakini watoto walikuwa wakiteremka kutia udhu penye matete, na kwenye maji yaliyotulia kama yale ndipo wanapoishi konokono wanaobeba kichocho, ambacho humwingia mtu kwa ngozi, bila ya kunywa. Sisi wa Unguja na Pemba kichocho tunakijua, wazee wetu wamekiugua kwenye mito na mabonde ya mpunga. Lau mtu yule wa Pemba angejibiwa kwa maneno haya matatu au manne, tunaamini angekuwa yeye ndiye wa kuwahimiza wenziwe. Aulizaye suali gumu mara nyingi ndiye anayekaribia kutoa.

Sasa turudi kwa yule mama na zaka yake.

Ujumbe wa mchango ulisema "tunapokea zaka na sadaka". Neno moja hilo, zaka, liliwekwa kwa nia njema ili kiasi kiongezeke, na ndilo lililomtia mama katika mashaka. Mwenyezi Mungu ameyataja mafungu manane ya wanaostahiki zaka katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na jumhuri ya maulamaa wa madhehebu manne wanasema zaka haijengewi msikiti, haichimbiwi kisima wala haitengenezewi njia, kwa sababu ni haki ya watu hao imilikishwe kwao. Wako maulamaa wa zama hizi waliolipanua fungu la fii sabiliLlaah likaingiza mambo ya namna hiyo, na hatumlaumu aliyewafuata kwa elimu. Lakini sisi tunafutu kwa kauli ya jumhuri. Tulimpigia simu mama yule tukamwambia: ulichotoa ni sadaka, na malipo yake yako kwa Mola wako insha Allah, ama zaka yako bado ingalipo. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema ataitoa tena, ila kwa awamu, kwani mwaka huu mauzo ya duka hayakuwa mazuri. Tuliweka simu na moyo mzito. Mwanamke yule alilipa mara mbili kwa sababu ya neno moja katika ujumbe uliosambazwa na mtu asiyeuliza.

Basi wasimamizi wa michango wajue: zaka iwe na njia yake na daftari lake, na isiitishwe ila kwa jambo ambalo zaka inaruhusika. Na kwa familia zetu za visiwani kuna jambo la pili. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, ni kwamba zaka haihamishwi kutoka mji ilipo mali maadamu wenye kustahiki wapo hapo. Wako mafakihi wa Kishafii, khasa wa Yemen, waliofutu kwa kujuzu kuhamisha, na madhehebu mengine yana wasaa zaidi, hasa kwa jamaa au kwa wenye haja kubwa zaidi. Kwa hiyo anayemtumia zaka shangazi yake masikini wa Mwanza hatumkatazi. Ila asimruke jirani wa Kwahani au Wete anayelala na njaa, kwa sababu tu jirani hana picha kwenye simu.

Na lililo zito zaidi ni hili. Kamati inapopokea zaka yako kwa simu, kwa kawaida inakuwa wakili wako wewe. Zaka haikutoki kwa kuwa simu imekuandikia muamala umekamilika. Inakutoka inapomfikia anayestahiki. Wakili akiiweka miezi mitatu ndani ya simu akingoja "ijae", wewe miezi yote hiyo uko na deni na hujui. Zakaatul-Fitri ndiyo hatari zaidi, maana ina wakati wake: anayetuma usiku wa kuamkia Idi kwa kamati iliyo mbali, na kamati ikanunua chakula kesho kutwa yake, wameingia wote katika makosa. Ndiyo maana tunasema ujumbe mfupi wa "imefika, imegaiwa tarehe fulani kwa familia kadhaa" si adabu ya kushukuru tu. Ni khabari ya dini ya mtu, na ana haki nayo kama mdai alivyo na haki ya kujua deni limelipwa.

Ya kutolea nayo isidharauliwe. Anayetuma zaka aongeze juu gharama za kutuma na kutoa, ili kiasi alichowajibika nacho kifike kizima. Na msimamizi asijikatie "hela ya vocha" kimya kimya. Mtu yule aliyetumwa kukusanya zaka zama za Mtume, Ibnul-Lutbiyya, alirudi akasema hiki chenu na hiki nimezawadiwa, na makemeo yaliyomfikia juu ya mimbari tunayajua. Ikiwa kazi ina ujira, utajwe kwenye ombi lenyewe, nani analipwa na kiasi gani. Watu wataelewa. Bando halitolewi bure na mtu yeyote.

Kuhusu picha tutakuwa wakali kidogo. Yatima aliyepigwa picha na kanzu iliyotatuka, jina lake likaandikwa chini, picha hiyo haitazeeka. Atakuwa kijana, ataposa, na mtu atamwonyesha. Aya ya 264 ya Suratul-Baqara inakataza kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi, na sisi tunaona kusambaza sura ya aliyesaidiwa kunakaribia sana maudhi hayo. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeweka mipaka katika kukusanya na kusambaza taarifa za watu, na wasimamizi wengi wa makundi hawajui kwamba orodha ya majina na namba za simu wanayoirusha huku na kule ni taarifa za watu. Piga picha bomba, piga risiti, piga gunia, piga migongo ya watoto wakisoma. Mchangiaji mwenye akili atatosheka, na asiyetosheka mpaka aone chozi hatumhitaji.

Orodha za wachangiaji zina utata zaidi. "Fulani 100,000, fulani 50,000, fulani 1,000." Wanaozitetea wana hoja: kutoa kwa dhahiri kunahimiza wengine, na Qur'ani katika aya ya 271 ya sura hiyo hiyo imekusifu kutoa kwa dhahiri, ikakifanya bora kule kuwapa mafakiri kwa siri. Na orodha ni kinga ya wizi, kila mtu anaona chake kimeingia. Lakini tumewaona akina mama waliojitoa katika makundi kwa sababu elfu moja yao imekaa chini ya laki ya jirani. Mtu wa nusu kokwa ya tende akiona haya kutoa, tumeiacha sunna ya siku ile ya watu wa Mudhar. Kamati moja tunayoijua imepata njia ya kati ambayo imetupendeza: wanaandika tarakimu tatu za mwisho za namba ya simu na kiasi, basi. Kila mmoja hujitafuta na kujiona, wala hamjui mwenziwe. Ukitaka jina lako litajwe, utaomba mwenyewe, na hilo ni baina yako na nia yako.

Wala tusidhani kila mchangiaji yuko WhatsApp. Wazee wengi wanatumia kitochi, na hao ndio watoaji wa kudumu, elfu mbili kila mwezi bila kukosa. Hao watumiwe meseji ya kawaida. Wasiosoma vizuri, ujumbe wa sauti wa dakika moja, kwa sauti ya ustadhi mwenyewe na watoto wakisikika nyuma, unafika moyoni kuliko waraka mrefu wenye nembo. Na msikitini tangazo moja baada ya swala ya Ijumaa, na karatasi ya hesabu ukutani, bado havijapitwa na wakati. Kundi la WhatsApp lenyewe lifungwe wasimamizi tu ndio waandike, vinginevyo baada ya siku tatu ni salamu za asubuhi na siasa, na khabari ya kisima imezama. Maswali yaende kwa mtu mmoja aliyetajwa, na ajibu. Anayetoka katika kundi asifuatwe kuulizwa mbona ametoka.

Limebaki suala la fedha zilizobaki pale Kamanga. Hukumu ya ustadhi ni nyepesi: mkono wake ni mkono wa amana, hakuzembea wala hakuvuka mipaka, basi hana dhamana ya kilichopotea ndani ya mwamba. Lakini baki ile ilitolewa kwa ajili ya kisima, na haiwi halali kuigeuza kuwa tenki la kuvuna maji ya mvua kwa rai yake peke yake, hata kama rai ni nzuri. Wenye fedha waulizwe. Na hapa ndipo simu inapofanya kazi ambayo vitabu vya fiqhi havikuiota, kwani watu zaidi ya mia wa visiwa viwili na wa Oman waliweza kuulizwa kwa usiku mmoja. Tulimkumbusha tu kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema ndiyo. Kwa hiyo wasiojibu wapigiwe, na asiyepatikana fungu lake lingoje. Siku za mbele ombi lenyewe liandikwe tangu mwanzo: kisima kikishindikana, au fedha ikizidi, itatumika kwa njia nyingine ya maji ya madrasa hii. Sentensi moja hiyo ingemwondolea usumbufu wa wiki nzima.

Jioni ile kabla ya feri ya kurudi tulikaa naye kwenye mkeka akaandika. Alifuta mara nyingi, akitaka kuanza kwa kuomba radhi nusu ukurasa. Tukamwambia aanze na shimo. Ujumbe alioutuma ulikuwa wa mistari minane: tumechimba pahala pawili, tumekuta mwamba, maji hayakupatikana; tulipokea kiasi hiki, tumetumia hiki, kimebaki hiki, risiti hizi hapa; nilichelewa kuwaambieni kwa kuona haya, nisameheni; tunafikiria tenki la mvua, kila mmoja aseme anaridhia au arudishiwe chake. Akaweka picha ya shimo kavu na picha ya kopo la biskuti limefunguliwa.

Tulikuwa bado majini, taa za Mwanza zinaonekana, simu yake ilipoanza kupokea majibu, naye akawa anatusomea kwa simu. Wawili walitaka fedha zao, akawarudishia siku ya pili yake. Waliobaki waliridhia. Yule mtu wa Pemba aliyetolewa katika kundi alirudishwa, akauliza tenki litakuwa la lita ngapi, na paa la madrasa lina upana gani wa kukinga mvua. Ustadhi alikwenda kulipima kwa kamba asubuhi yake.

Wallaahu a'lam.